Ukanda Mwekundu wa Kromosomu ya 12

Nilipouona mara ya kwanza nilidhani programu imekosea rangi. Kwenye skrini palikuwa na mraba mkubwa uliojaa vidoa, jeni kwa jeni, zikiwa zimepangwa kufuata mahali zilipo kwenye kromosomu, kuanzia ya 1 hadi ya 22, kisha X na Y. Nyekundu maana yake jeni mbili hupanda na kushuka pamoja. Buluu maana yake moja ikipanda nyingine hushuka. Nyeupe, kila moja na lake. Sehemu kubwa ya ramani ilikuwa ukungu wa rangi hafifu, kama nilivyotarajia. Lakini palikuwa na kipande kimoja kilichojitenga, chekundu kona hadi kona, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Kilianza pale kromosomu ya 12 inapoanzia, kikaishia pale inapoishia.

Data haikuwa yangu. Zilikuwa sampuli za seli shina za kiinitete cha binadamu, zilizopimwa na maabara mbalimbali na kuwekwa wazi ili yeyote azichambue. Kazi yangu ni ya kukaa kitako mbele ya kompyuta. Sijawahi kukuza seli hata siku moja, na hilo, kama utakavyoona, lilinigharimu. Swali langu lilikuwa jepesi kulitamka: jeni zinazowaka pamoja katika seli hizi, je, zinakaa pamoja?

Kwa asiyezifahamu seli hizi: siku kama tano hivi baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huwa mpira mdogo wenye uwazi ndani, na upande mmoja wa uwazi huo hurundikana kitonge cha seli ambazo bado hazijachagua kazi. Hizo ndizo zitakazokuja kuwa moyo, ngozi, ini na ubongo. Mwaka 1998, James Thomson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walifaulu kuzitoa kwenye viinitete vilivyotengenezwa kwa ajili ya matibabu ya uzazi na kutolewa kwa hiari na wenyewe, wakazikuza kwenye sahani zikaendelea kugawanyika bila kuchagua kazi. Koo za seli walizoanzisha, kama H1 na H9, bado zinatumika mpaka leo katika maabara nyingi duniani. H1 ni ya kiume, H9 ni ya kike. Hilo tulishike, tutalihitaji.

Na jeni kuwaka ni nini? Seli inapohitaji protini fulani, hunakili maelekezo ya jeni yake kuwa RNA. Nakala hizo zinahesabika. Ukizihesabu kwenye sampuli mia mbili, kila jeni inakuwa na safu ya namba mia mbili, na sasa unaweza kuuliza safu hii inafanana vipi na ile. Jeni za hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ni mfano ninaoupenda: mnyororo wa alfa maelekezo yake yako kromosomu ya 16, wa beta yako kromosomu ya 11, na chembe nyekundu ya damu isipopata yote mawili kwa kiasi kinacholingana, matokeo yake ni ugonjwa wa damu uitwao talasemia. Jeni mbili zisizoonana, zinazoishi kwenye kromosomu tofauti, ila zinakwenda hatua kwa hatua kama askari wa gwaride. Huo ndio ushirika ninaoutafuta kila siku.

Hata hivyo kuna ushirika mwingine, wa majirani. Tangu mwaka 2000 ilionekana kwamba katika chachu jeni zilizopakana huelekea kuwaka pamoja kuliko ambavyo bahati ingeruhusu. Mwaka 2001 ikachorwa ramani ya binadamu iliyoonyesha kwamba jeni zenye bidii kubwa hujikusanya kwenye maeneo fulani ya kromosomu badala ya kutawanyika ovyo. Mwaka uliofuata, kwa nzi wa matunda, ikaripotiwa kwamba kama jeni moja kati ya kila tano iko ndani ya kundi la majirani wanaofanana tabia. Ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja, na hapa ilionekana hata kiota ni kimoja.

Sababu zipo. Zaidi ya asilimia 10 ya jeni za binadamu zimekaa mgongo kwa mgongo, moja ikisomwa kwenda kushoto na nyingine kulia, zikitumia eneo moja la kuwashia. Pia DNA haijanyooshwa kama uzi wa mshoni: imekunjwa, na mikunjo hiyo ina mipaka. Mwaka 2012 maabara ya mtafiti Bing Ren, ikitumia pamoja na nyingine seli za ukoo wa H1, ilionyesha kwamba kromosomu zimegawanyika katika vitongoji, kila kimoja kwa wastani kikiwa na urefu wa chini kidogo ya herufi milioni moja za DNA, na kwamba DNA ya kitongoji kimoja hugusana yenyewe kwa yenyewe mara nyingi zaidi kuliko inavyogusana na ya jirani. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwa wamefika ndani ya kiini cha seli. Kipande cha DNA kinachoiwasha jeni ya SHH mkononi mwa kiinitete kiko umbali wa herufi kama milioni moja kutoka kwenye jeni yenyewe, na kikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada. DNA hujikunja, fimbo ikamfikia nyoka.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu njema ya kutarajia wekundu kati ya majirani. Sikuwa na sababu yoyote ya kutarajia wekundu wa kromosomu nzima.

Ngoja nitoe hesabu kidogo, maana bila hiyo huwezi kuona kwa nini moyo ulinienda mbio. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini. Jozi zinazowezekana ni karibu milioni 200. Ukigawa kwa ukubwa wa kila kromosomu, utakuta kwamba kwa bahati tu, jozi moja kati ya kila 20 hivi hukaa kwenye kromosomu moja. Hiyo ndiyo ngazi ya kuanzia. Ukiweka kizingiti chako cha takwimu kwenye moja kwa elfu, kama wengi tulivyofundishwa darasani, utaletewa jozi 200,000 za uongo mtupu hata kama hakuna jeni yenye habari na mwenzake. Ndiyo maana sikuamini jozi moja moja. Nilichanganya majina ya jeni kwa nasibu kama karata, nikachora ramani upya mara elfu, nikalinganisha. Katika ramani hizo elfu hakuna hata moja iliyotoa ukanda kama ule.

Kabla ya kuendelea, kichekesho kimoja. Jozi zilizoshika nafasi ya kwanza kwa uwiano, yaani kipimo cha jinsi safu mbili zinavyofuatana, ambacho kilele chake ni 1, kwenye ramani yangu yote hazikuwa za kromosomu ya 12. Zilikuwa za Y. RPS4Y1, DDX3Y, KDM5D: uwiano wa kupindukia, karibu na 1. Kwa dakika chache nilijisikia mtu mwenye bahati, kisha nikajicheka. Sampuli za H1 zina kromosomu Y, za H9 hazina. Jeni zote za Y zinakuwepo pamoja na kukosekana pamoja. Hakuna anayeziongoza. Nilichopima ni jinsia ya sampuli.

Ningeshika funzo hilo pale pale, nisingepoteza wiki tatu zilizofuata.

Tatizo ni kwamba kromosomu ya 12 ilinipa hadithi tamu mno. Ndani yake, kwenye mkono mfupi, sehemu inayoitwa 12p13, ndipo ilipo NANOG, moja ya jeni zinazoizuia seli shina isichague kazi. Jina lake lilitoholewa mwaka 2003 kutoka Tír na nÓg, nchi ya ujana wa milele katika ngano za Waairishi. Jirani na NANOG wako GDF3 na DPPA3, nazo ni jeni zinazowaka kwenye seli za aina hii. Nikajenga nyumba nzima juu ya matofali hayo matatu. Nikajiambia kwamba katika seli shina kromosomu ya 12 yote imekaa mkao wa kuwaka, labda imesogezwa katikati ya kiini, labda kuna kitu kinachoishika kwa pamoja. Haikuwa ndoto ya kichaa: inajulikana tangu 1999 kwamba kromosomu ya 19, iliyosongamana jeni, hupenda kukaa ndani ya kiini, huku ya 18, ya ukubwa unaokaribiana nayo lakini yenye jeni chache, ikikaa pembeni karibu na ukuta. Nikaandika kurasa sita. Nikachora mchoro wenye mishale.

Kisha nikamtumia rafiki ambaye, tofauti na mimi, anakuza seli. Alijibu kwa sentensi moja: "Ndugu yangu, hizo seli zimehesabiwa kromosomu?"

Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nilirudi kwenye data ghafi. Kwa kila sampuli nikachukua wastani wa jeni zote za kromosomu ya 12, kitu kinachochukua mistari miwili ya programu na ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Sampuli zilijigawa makundi mawili, bila hata moja katikati. Kundi la juu lilikuwa mara moja na nusu ya la chini.

Moja na nusu. Tatu gawanya kwa mbili.

Seli za kundi lile zilikuwa na kromosomu ya 12 tatu badala ya mbili. Karibu kila jeni ya kromosomu hiyo ilipanda kwa sababu maelekezo yenyewe yalikuwepo nakala tatu, na kwa kuwa zote zilipanda katika sampuli zile zile, hesabu ya uwiano ikaziona zote ni marafiki wa kufa na kuzikana. Kingo zilinyooka kama wembe kwa sababu kilichoongezeka kilikuwa kromosomu nzima, mwanzo hadi mwisho. Vitongoji havina kingo hizo, wala vipande vya DNA vinavyowasha jeni kutoka mbali. Mchoro wenyewe ulikuwa ukinipa jibu tangu mwanzo, mimi nikawa natafuta ushairi.

Watu wa maabara hili wanalijua kama wanavyojua kunawa mikono. Mwaka 2004 ilichapishwa kwamba seli shina za kiinitete zikikuzwa kwa muda mrefu huelekea kuongeza kromosomu ya 12 na sehemu ya mkono mrefu wa 17. Mwaka 2011, uchunguzi wa koo zaidi ya 100 kutoka maabara za nchi nyingi ulionyesha kipande kidogo cha kromosomu ya 20, kiitwacho 20q11.21, kikiwa kimeongezeka katika zaidi ya asilimia 20 ya koo hizo. Ndani ya kipande hicho imo BCL2L1, jeni inayoisaidia seli isife. Hakuna anayeipa seli nakala hizo. Ajali ya mgawanyiko hutokea, seli moja inapata nakala ya ziada, na ikiwa nakala hiyo inaisaidia kustahimili maisha ya sahani, baada ya wiki kadhaa sahani nzima ni uzao wake. Mageuzi ya viumbe, yaliyobanwa kwenye kisahani cha plastiki.

Na hapa ndipo panaponiuma: ile ile NANOG niliyoifanya shujaa wa hadithi yangu huenda ina mkono katika kromosomu ya 12 kupendelewa. Kwa hiyo hadithi yangu haikuwa uongo mtupu. Ilikuwa na mhusika sahihi, ila nilimpa kazi isiyo yake.

Baada ya hapo nilianza kuitilia shaka kila rangi. Kulikuwa na mabaka kwenye kromosomu X, siyo nzima, vipande. Katika seli za kike, X moja huzimwa kwa msaada wa RNA ya XIST. Kwenye koo nyingi za seli shina zilizokuzwa kwa muda mrefu, XIST hupotea, na X iliyozimwa huanza kuamka sehemu sehemu. Jeni zinazoamka pamoja zinaonekana zinashirikiana, kumbe zote zimefunguliwa mlango mmoja uliooza. Kulikuwa na wekundu mwembamba kwenye kromosomu ya 19. Huko herufi G na C ni nyingi, na mashine za kusoma RNA hazizitendei haki sawa katika kila sampuli, hivyo eneo zima linaweza kupanda au kushuka kwa kosa la kipimo. Kulikuwa pia na tofauti za siku ya kupima na kemikali zilizotumika, mambo ambayo kila mchambuzi anayajua na sitayarudia.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hauko kwenye kromosomu yoyote. Sahani ya seli shina si jeshi la seli zinazofanana. Pembezoni mwa vishungi vyake huwa kuna seli zilizochoka kusubiri na kuanza kuchagua kazi. Tuseme sampuli moja ina asilimia 5 ya seli kama hizo, nyingine ina asilimia 30. Jeni zote za ujana zitashuka pamoja kwenye ile ya pili, na jeni zote za ukomavu zitapanda pamoja, hata kama ndani ya seli moja hakuna jeni inayoifuata nyingine. Uwiano mwingi unaosomwa kama ushirika wa jeni, ukiuchokonoa, ni mchanganyiko wa seli. Kupima seli moja moja kunasaidia, ingawa huko nako jeni nyingi huhesabiwa sifuri kwa sababu RNA zake zilikuwa chache mno kunaswa.

Sasa mtu ataniuliza, baada ya kuchuja yote hayo kulibaki nini? Kilibaki kingi, na karibu chote kinavuka mipaka ya kromosomu.

Chukua watatu wanaoiweka seli shina katika hali yake. OCT4, ambayo jeni yake inaitwa POU5F1, iko kromosomu ya 6. SOX2 iko ya 3. NANOG, ya 12. Mwaka 2005 ilionyeshwa katika seli shina za kiinitete cha binadamu kwamba protini hizi tatu hutua kwa pamoja karibu na jeni zisizopungua 353, baadhi zikiwashwa na baadhi zikizimwa, na kwamba hutua pia kwenye jeni zao wenyewe. Kila mmoja anawashikilia wenzake, naye wanamshikilia. Ungetafuta ushirika huo kwa kutazama majirani tu, ungewakosa wote watatu. Au chukua protini za ribosomu, kiwanda cha kutengenezea protini: ziko kama 80, jeni zake zimetapakaa karibu kila kromosomu, mpaka X na Y, na bado hupanda na kushuka kama kitu kimoja. Kwenye ramani yangu zilionekana kama vidoa vyekundu vilivyonyunyizwa huku na huko. Macho hayavioni, kwa sababu macho hupenda miraba.

Jeni za HOX, zile zinazopanga sehemu za mwili wa kiinitete, ndizo zilizonifurahisha zaidi. Ziko 39, zimepangwa makundi manne: kromosomu ya 7, ya 17, ya 12 na ya 2. Kundi moja moja ni majirani wa damu, waliozaliwa kwa kunakiliwa ubavuni mwa wenzao. Lakini makundi manne yanaishi mbali mbali, na katika seli shina yote yamezimwa na protini za Polycomb, zikibandika alama ya kuzima kwenye histoni zake, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa, huku kwenye milango yake kukiwa pia na alama ya kuwasha, kama mtu aliyekanyaga breki na gari likiwa kwenye gia. Seli zikianza kuchagua kazi, breki inaachiliwa. Hapo ujirani na ushirika wa mbali vinakutana katika jeni zile zile, na sijui mfano mwingine ulio safi kiasi hicho.

Ujirani halali ulikuwepo pia, mdogo mdogo. Kwenye kromosomu ya 4 kuna kundi la RNA fupi, miR-302 na miR-367, zinazowaka sana katika seli hizi, zote zikikatwa kutoka kwenye RNA moja ndefu. Zinasafiri pamoja kwa sababu zimepanda basi moja. Kwenye kromosomu ya 19 kuna misururu ya jeni za ZNF zilizozaana kwa kunakiliwa. Ushirika wao naamini upo, lakini zinafanana maandishi kiasi kwamba kipande cha RNA cha moja kinaweza kuandikwa kwenye hesabu ya nyingine, kwa hiyo nilizipima upya kwa kutumia vipande vinavyolingana na mahali pamoja tu. Wekundu ulipungua karibu nusu.

Kurasa zangu sita nilizifuta. Nikaziondoa sampuli zenye kromosomu ya ziada, nikatenganisha za kiume na za kike, nikapunguza athari ya seli zilizoanza kukomaa, nikachora ramani upya usiku mmoja na kwenda kulala kabla kompyuta haijamaliza.

Asubuhi ukanda haukuwepo. Kromosomu ya 12 ilikuwa na ukungu ule ule hafifu kama nyingine. Nikavuta picha karibu, nikafuata mkono mfupi hadi 12p13. Palikuwa na kidoa chekundu, kidogo kama kichwa cha pini: GDF3, DPPA3, NANOG, bega kwa bega. Nilikuwa nimekitazama wiki tatu bila kukiona, kwa kuwa kilikuwa katikati ya wekundu mwingine.